Duka dogo la vifaa vya ujenzi: kazi zipi zijiendeshe zenyewe, na tuanze na ipi?

Nondo na Saruji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Duka ni la vifaa vya ujenzi, lipo Tegeta, Dar es Salaam, stoo ipo Bunju. Kaunta kuna wauzaji wawili, stoo mtunzaji mmoja, na dereva wa kirikuu. Mauzo ni kama 40 kwa siku, jumla na rejareja. Kila mauzo huandikwa kwenye daftari la kaunta, usiku huhamishiwa Excel, na stoo nako wana daftari lao. Malipo yanaingia kwa taslimu, lipa namba za mitandao miwili, na benki. Wateja wa mkopo ni kama 60, wengi mafundi na wakandarasi wadogo.

Lengo ni kupunguza kazi hizi za kurudiarudia: kunakili, kulinganisha malipo, kukumbusha madeni, kujua mzigo gani unaisha. Fedha ya kununua mfumo mkubwa kwa sasa haipo. Wenye ujuzi, tuanze wapi?

---

Mama Hesabu

Karibu sana mkuu. Kabla ya programu yoyote, chukua karatasi uchore safari ya mauzo moja, kuanzia mteja anapouliza bei hadi mzigo kupakiwa na pesa kuonekana. Kila mahali mtu anapoandika kitu, weka alama. Kwa maelezo yako alama zitakuwa tatu: kaunta, Excel, stoo. Mbili za mwisho ni kunakili tu. Ukikadiria dakika moja kwa kila kunakili, mauzo 40 mara mbili ni dakika 80 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo inakaribia saa 35 kwa mwezi, na hapo hujahesabu muda wa kutafuta kwa nini madaftari hayalingani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza siyo kutuma SMS wala kutengeneza ripoti nzuri. Kazi ya kwanza ni kila muamala uandikwe mara moja, mahali pamoja, na anayeufanya. Stoo, madeni, ripoti na kodi vyote vinywe kutoka hapo. Ukiruka hatua hii ukakimbilia SMS za madeni, utakuwa unawadai watu waliokwishalipa, kwa kasi kubwa zaidi.

Tengeneza shiti moja ya Google Sheets, iite Miamala. Kolamu zake: Kitambulisho, Tarehe, Msimbo wa bidhaa, Aina (mauzo, manunuzi, marejesho, upotevu), Kiasi, Bei, Njia ya malipo, Kumbukumbu ya malipo, Mteja, Aliyeandika. Bidhaa moja, mstari mmoja. Mteja akichukua saruji, nondo na misumari, hiyo ni mistari mitatu yenye namba moja ya mauzo, kwa hiyo ongeza na kolamu ya Namba ya mauzo, mara baada ya Kitambulisho.

Kinachoingia stoo kiwe na kiasi chanya, kinachotoka kiwe hasi. Hapo salio la bidhaa yoyote linapatikana kwa fomula moja:

=SUMIFS(Miamala!F:F, Miamala!D:D, A2)

F ni kiasi na D ni msimbo, A2 ni msimbo kwenye shiti ya Bidhaa. Alama ya kutoa isiandikwe na muuzaji, iwekwe na fomu yenyewe kulingana na aina aliyochagua, maana mkono ukiharakisha alama hiyo husahaulika.

Misimbo ndiyo inayoamua kama mfumo utaishi. Ukiacha watu waandike jina, mwisho wa wiki utakuta "nondo 12", "nondo mm12", "N 12" na "nondo ya kumi na mbili", na kompyuta inaziona kama bidhaa nne. Tumia orodha ya kuchagua tu: NON12, NON16, SAR50, BAT28. Na kila bidhaa ihesabiwe kwa kipimo kidogo kabisa unachouza. Misumari ukiuza kwa kilo, hata mfuko mzima ukiingia uandike kilo.

Nondo zina mtego wake. Msambazaji anaandika tani kwenye ankara, wewe unauza kwa kipande. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa m 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja ni vipande 93 au 94. Ukiacha fomula igeuze tani kuwa vipande utapata desimali, na nondo zenyewe nyingine huwa nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa, hivyo hesabu ya uzito na hesabu ya vipande hazitakutana. Stoo wahesabu vipande wakati wa kushusha, waandike walichohesabu. Fomula ibaki kwa kulinganisha: ikiwa tani 2 zimeleta vipande 180 badala ya 187, mpigie msambazaji simu siku hiyo hiyo.

---

Kisiwa cha Data

Nafuatilia kwa makini. Swali dogo kwa Mama Hesabu: muuzaji aingize kupitia Google Forms au aandike moja kwa moja kwenye shiti?

---

Fundi Skripti

Naomba nilijibu hilo. Moja kwa moja kwenye shiti, hapana. Mtu mmoja akipanga kolamu vibaya au akifuta mstari, salio lote linayumba. Google Forms ni rahisi lakini ina kasoro mbili kwa duka la aina hii. Haishughulikii vizuri mauzo yenye bidhaa nyingi, na bila mtandao haitumi.

Kwa Tegeta na Bunju ningetumia AppSheet, huduma ya Google ya kutengeneza app ya simu, juu ya shiti hiyo hiyo. Inakaa kwenye simu ya muuzaji, inahifadhi alichoandika hata mtandao ukikatika, kisha inapeleka ukirudi. Kujaribu ni bure hadi watumiaji 10, ukianza kuitumia rasmi unalipia kwa kila mtumiaji. Tengeneza majedwali mawili yaliyounganishwa, Mauzo na Mistari ya mauzo (hili la pili ndilo Miamala), ili mauzo moja yabebe bidhaa kadhaa.

Jambo moja lisilosamehe: kitambulisho cha kila mstari kitoke kwa UNIQUEID(), fomula ya AppSheet inayotoa kitambulisho kisichojirudia, kisiwe namba ya mstari wala namba ya kuongezeka 1, 2, 3. Wauzaji wawili wakiwa hawana mtandao, simu zote mbili zitatoa namba 214. Mtandao ukirudi, moja inafuta nyingine na hutaona kosa lolote kwenye skrini. Namba nzuri ya kumsomea mteja itolewe baadaye na upande wa shiti.

Kwenye mipangilio ya shiti weka nchi kuwa Uingereza ili tarehe zisomeke siku/mwezi/mwaka. Ikibaki ya Marekani, 03/04 inakuwa Machi 4 wakati muuzaji alimaanisha Aprili 3, na 25/04 inageuka maandishi ambayo fomula hazijumlishi. Halafu weka saa za Afrika Mashariki mahali pawili, kwenye shiti na kwenye mradi wa Apps Script (sehemu ya Google ya kuandika skripti, yaani programu ndogo zinazojiendesha juu ya shiti), kwa sababu kila kimoja kina mpangilio wake. Vikitofautiana, mauzo ya usiku yanahamia siku nyingine.

Na kuhusu saa, msiwaruhusu watu kuandika saa kwa mkono. Mmoja ataandika saa 2 akimaanisha asubuhi ya kazini, simu inasema 8:00, mwingine ataandika 20:00. Mhuri wa muda ujiandike wenyewe. Hata ukipanga skripti ijiendeshe saa 2 usiku, kwenye mipangilio unachagua kati ya 8pm na 9pm, na Google itaiwasha dakika yoyote ndani ya saa hiyo. Usijenge kitu kinachohitaji dakika kamili.

---

Nondo na Saruji

Asanteni sana. Swali la mtandao limenigusa: wauzaji wawili wakiwa nje ya mtandao na wote wakauza mifuko 10 ya mwisho, inakuwaje?

---

Fundi Skripti

Salio litakuwa hasi, na liachwe liwe hasi. Usiweke kizuizi kinachomkatalia muuzaji kuandika kwa sababu stoo imefika sifuri. Ukimzuia atauza tu, mteja amesimama mbele yake na pesa mkononi, ila hataandika. Weka rangi nyekundu kwa salio lililo chini ya sifuri na ujumbe kwa mtunza stoo. Mara nyingi salio hasi lina maana kwamba mzigo ulioingia haujaandikwa, na hilo ndilo unalotaka kulijua mapema.

---

Kijana wa Gerezani

Mkuu nigusie malipo, maana ndipo muda mwingi wa usiku unapotea.

Kulinganisha kufanyike kwa kumbukumbu ya muamala, kile kifungu cha herufi na namba kinachokuja kwenye ujumbe wa mtandao. Usilinganishe kwa kiasi, maana siku moja watu watatu wanaweza kulipa 85,000 kila mmoja. Usilinganishe kwa jina, maana fundi analipa kwa laini ya mke wake. Muuzaji aandike kumbukumbu hiyo akiisoma kwenye simu ya duka, siyo kwenye simu ya mteja. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja unaweza kutengenezwa, na picha ya skrini ndiyo kabisa. Mzigo utoke baada ya pesa kuonekana upande wako.

Kila asubuhi pakua taarifa ya miamala ya lipa namba na ya benki, ibandike kwenye shiti inayoitwa Taarifa. Kwenye shiti ya Miamala weka kolamu ya kuhakiki:

=IF(COUNTIF(Taarifa!B:B, I2)=1, "sawa", "angalia")

I2 ni kumbukumbu. Fanya na upande wa pili pia: kila mstari wa Taarifa utafutwe kwenye Miamala. Upande wa kwanza unakuonyesha mauzo yasiyo na pesa, upande wa pili unakuonyesha pesa isiyo na mauzo, ambayo kwa kawaida ni mteja wa mkopo aliyelipa kimyakimya. Kumbuka tu kwamba malipo moja ya bidhaa tatu yatajirudia mara tatu kwenye Miamala kwa kumbukumbu ile ile, kwa hiyo kulinganisha kiasi kufanywe kwa jumla ya namba ya mauzo.

Fomula ikisema "angalia" na wewe unaona kwa macho kwamba zinafanana, tatizo ni nafasi zilizojificha. TRIM haiondoi zote, kuna nafasi ya aina nyingine inayokuja na taarifa za kupakua. Safisha hivi:

=TRIM(SUBSTITUTE(B2, CHAR(160), ""))

Namba za simu na akaunti zinazoanza na sifuri zitapoteza sifuri hiyo ukizibandika kama namba. Fanya kolamu nzima kuwa maandishi ya kawaida kabla ya kubandika, ukifanya baada ya kubandika umechelewa. Simu ni heri zote ziandikwe kwa 255 mwanzoni. Na ada inayokatwa na mtandao au benki iwe na mstari wake peke yake kama gharama. Usiipunguze kwenye bei ya mauzo, utavuruga hesabu za kodi.

Wapo watakaokushauri kuweka programu ya Android inayosoma SMS za malipo na kuzirusha kwenye shiti. Inafanya kazi, lakini simu huua programu za nyuma ili kutunza betri, na mtandao ukibadilisha maneno ya ujumbe wake, kisomaji kinaacha kuelewa bila kukuambia. Ukikua, njia imara ni kuunganishwa na kampuni ya malipo kama Selcom au AzamPay, taarifa inakuja yenyewe kwenye mfumo wako. Hapo mwambie fundi wako jambo moja: taarifa ya muamala mmoja inaweza kuja mara mbili, kwa hiyo kabla ya kuandika aangalie kama kumbukumbu hiyo ipo tayari.

---

Duka la Jumla Mbagala

Mnamzungusha mkuu wa watu. Si anunue tu mfumo wa POS (programu ya kuuzia kaunta) ulio tayari, alipie kwa mwezi, amalize?

---

Mama Hesabu

Ndugu, ni wazo halali na kwa duka la rejareja lenye barcode kwenye kila bidhaa ningemshauri hivyo leo. Kisomaji cha barcode kinafanya kazi kama kibodi, kinaandika namba na kubonyeza Enter, hakina ugumu. Lakini hapa kuna nondo na kokoto na mbao, kuna bei tatu kwa bidhaa moja, kuna mzigo unaolipiwa Tegeta na kuchukuliwa Bunju kesho kutwa. POS nyingi za bei nafuu zinachukulia kwamba ukilipa unaondoka na mzigo. Akitaka kununua, aulize maswali matatu kabla ya kutoa pesa: je, inatenganisha kilicholipiwa na kilichochukuliwa? Je, inafanya kazi mtandao ukikatika? Je, nitaweza kutoa data zangu zote kwa CSV, faili linalofunguka hata kwenye Excel, siku nikiacha? La tatu likijibiwa kwa kuzungukazunguka, aachane nayo. Na hata akinunua, misimbo na vipimo tulivyosema atavihitaji vilevile.

---

Nondo na Saruji

Kilicholipiwa na hakijachukuliwa, hiyo ipo sana kwetu. Inaandikwaje?

---

Mama Hesabu

Ongeza kolamu moja kwenye mstari: Imetolewa, yenye tarehe au tupu. Mtunza stoo ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuijaza, kwenye simu yake, wakati kirikuu kinapakiwa. Salio la kuuza linahesabu mistari yote. Salio la kuhesabu kwa macho stoo linahesabu manunuzi yote na mauzo yenye tarehe ya kutolewa tu. Bila kutenganisha haya mawili, kila ukihesabu stoo utaona mifuko imezidi, na anayekuja nyuma yako ataiuza mara ya pili.

Kiwango cha kuagiza mzigo nacho kijihesabu. Chukua wastani wa mauzo ya siku 28 zilizopita, zidisha kwa siku mzigo unazochukua kufika, ongeza siku za akiba. Ukiuza saruji mifuko 40 kwa siku, mzigo ukichukua siku 3 na ukiweka akiba ya siku 2, kiwango ni 40 mara 5, yaani mifuko 200. Siku 28 badala ya 30 ni kwa sababu kila siku ya juma inaingia mara nne sawasawa. Jumamosi na Jumapili zinatofautiana sana. Wastani wa mwaka usiutumie, maana masika ya Machi hadi Mei ujenzi unapungua, na ukiagiza kwa wastani wa mwaka utajaza saruji stoo wakati wa unyevu na itashika mawe.

---

Mlipakodi

Naona mmeruka TRA. Risiti inayotoka kwenye shiti au AppSheet siyo risiti ya kodi. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) au VFD (mfumo wa risiti hizo usiotumia mashine) itolewe kwa kila mauzo, pale pale. Kinachoweza kujiendesha ni ulinganisho: jioni Z ripoti, yaani jumla ya risiti za siku nzima, ikitoka, jumla yake iingizwe kwenye shiti na ilinganishwe na jumla ya mauzo ya siku hiyo. Tofauti ikiwepo ishughulikiwe kesho yake, siyo mwisho wa mwezi.

Kama umesajiliwa VAT na bei zako zina VAT ya asilimia 18 ndani yake, sehemu ya kodi ni bei mara 18 gawanya kwa 118. Bei ya 118,000 ina VAT 18,000. Wengi wanaandika fomula ya bei mara 18% na kupata 21,240, ambayo ni makosa.

Mishahara ndiyo kazi rahisi kuliko zote kuiachia kompyuta. Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) vilivyoanza Julai 2021, ikiwa C2 ni mshahara baada ya kutoa mchango wa NSSF wa mfanyakazi:

=MAX(0,C2-270000)*8% + MAX(0,C2-520000)*12% + MAX(0,C2-760000)*5% + MAX(0,C2-1000000)*5%

Hizo 12 na 5 zisikushtue, ni ongezeko la kila ngazi: 8, kisha 20, kisha 25, kisha 30. Jaribu na mshahara wa 600,000. NSSF asilimia 10 ni 60,000, inabaki 540,000, kodi inatoka 24,000, mkononi 516,000. Ikija namba nyingine, kuna kosa kwenye fomula. Upande wa mwajiri kuna NSSF 10% na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5%. SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) haikuhusu mpaka ufikishe wafanyakazi 10.

Viwango hivi visifichwe ndani ya fomula kama nilivyoandika hapa kwa ufupi. Viweke kwenye shiti ya Viwango, fomula ivisome huko, maana bajeti husomwa Juni na mabadiliko huanza Julai 1. Kumbusho za kalenda: PAYE tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Panga kumbusho siku 4 kabla, ili control number itoke na malipo yapite hata kama tarehe imeangukia wikiendi.

---

Binti wa Sinza

Na WhatsApp? Wateja wengi wanaulizia bei huko. Kuna vijana wanauza bot za kujibu kila kitu.

---

Kijana wa Gerezani

Dada, bot zinazojibandika kwenye WhatsApp ya kawaida bila njia rasmi zinaweza kufanya namba ifungwe, na namba ya duka iliyoandikwa ukutani na kwenye kirikuu ni mali. Kwa ukubwa huu WhatsApp Business ya bure inatosha. Tengeneza majibu ya haraka: /bei, /lipa, /ramani. Weka ujumbe wa baada ya saa za kazi, na lebo kama "anasubiri bei", "amelipa", "apelekewe". Bei kwenye /bei ziwe na tarehe, maana nondo hubadilika.

Orodha ya matangazo inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kukumbusha madeni usitegemee njia hiyo. Tumia SMS.

---

Fundi Skripti

Naendelea hapo kwenye SMS, maana makosa yake yanagharimu pesa na heshima.

Unahitaji akaunti kwenye kampuni ya SMS za wingi, Beem Africa kwa mfano, na jina la mtumaji lisilozidi herufi 11. SMS moja ni herufi 160. Ukizidisha, kila kipande kinakuwa 153. Ukiweka emoji moja, au alama za nukuu zilizojipinda zilizonakiliwa kutoka Word, ukomo unashuka hadi 70 na gharama inapanda mara mbili au tatu. Andika kwa ufupi namna hii:

"Ndugu mteja, salio la deni lako ni TZS 185,000. Tarehe ya kulipa ni 14/03. Lipa namba ipo kwenye ankara. Kama umelipa, puuza."

Usitaje bidhaa wala usitishie. Tuma siku 3 kabla, siku yenyewe, na siku 7 baada. Ikizidi hapo mtu apige simu. Skripti ijiendeshe kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, baada ya kulinganisha malipo ya jana kukamilika. Iangalie kwanza kama shiti ya Taarifa ina data ya jana. Kama haina, isitume chochote na ikuarifu wewe. Ulinzi huu mmoja utakuokoa kumdai mtu aliyelipa jana jioni.

Baada ya kila SMS kukubaliwa, andika tarehe kwenye kolamu ya Imetumwa hapo hapo, kabla ya kwenda kwa mteja anayefuata. Ukisubiri kuandika zote mwishoni na skripti ikafa katikati, ukiiwasha tena nusu ya wateja watapata ujumbe mara mbili. Apps Script inakatwa ikifika dakika 6, hivyo kufa katikati ni jambo la kutegemea. Ripoti za barua pepe kwa akaunti ya kawaida ya Gmail zina ukomo wa wapokeaji 100 kwa siku, kwako zinatosha.

Mambo mengine yanayovunja skripti: kusoma kolamu kwa namba yake. Mtu akiingiza kolamu mpya katikati, skripti inachukua jina la mteja na kulifanya kiasi. Isome kolamu kwa kichwa chake, na isipokikuta isimame. Pia tumia LockService, kufuli ya Apps Script inayopitisha ombi moja kwa wakati, mahali panapotolewa namba za mauzo, la sivyo maombi mawili ya sekunde moja yatapata namba moja.

Namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023 na kuna usajili kwenye Tume yake. Shiti ya madeni isifunguliwe kwa kila mwenye kiungo.

---

Umeme na Mtandao

Niongeze la miundombinu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, huduma ya intaneti ilizorota nchi nzima, na siku ya namna hiyo kuwa na laini mbili za mitandao tofauti hakukusaidii sana. Ndiyo maana hoja ya AppSheet kuhifadhi kwenye simu ni ya msingi. Kwa kukatika kwa kawaida, laini mbili zinatosha. Ruta iwekewe UPS ndogo ya DC. Soma kwanza kibandiko cha adapta ya ruta, nyingi ni volti 12, nyingine 9, na ukichomeka 12 kwenye ya 9 unaweza kuiunguza. Mashine ya EFD ina betri yake, lakini hakikisha inachajiwa kila usiku. Na kitabu kimoja cha karatasi chenye kolamu zile zile za Miamala kikae kaunta kwa siku mbaya, kila mstari uwekewe tiki ukishaingizwa.

---

Nondo na Saruji

Nimeandika yote. La mwisho kwangu: nitajuaje kama kitu kimeacha kufanya kazi? Na akaunti iwe ya nani?

---

Fundi Skripti

Akaunti iwe ya biashara, nenosiri na uthibitisho wa hatua mbili vibaki kwako. Triga ya Apps Script, yaani ratiba inayoiendesha skripti, ni ya aliyeiwasha. Ikiwashwa na akaunti binafsi ya kijana aliyekutengenezea, siku akifuta akaunti hiyo kila kitu kinasimama. Mkae pamoja, aandike, wewe ndiye uwashe ukiwa umeingia kwa akaunti ya duka. Google hutuma barua pepe ya makosa kwa mwenye triga, kwa hiyo iende kwenye kisanduku kinachosomwa.

Lakini hiyo haitoshi, maana triga iliyozimwa haitoi kosa lolote. Fanya ripoti ya jioni itumwe kila siku, hata siku ambayo hakuna tatizo: jumla ya mauzo, jumla ya Z, mistari yenye "angalia", bidhaa zilizofika kiwango cha kuagiza. Ikifika saa 3 na robo usiku hujaiona, kuna kitu kimekufa. Muuzaji asiwe na ruhusa ya kufuta mstari. Kosa lirekebishwe kwa mstari mpya wa marejesho wenye namba ya mauzo ya awali. Kila Jumapili skripti inakili faili lote kwenye folda ya akiba, na mara moja kwa mwezi pakua XLSX uweke kwenye flashi inayokaa nje ya duka.

---

Mama Hesabu

Mkuu, kwa utaratibu wa kuanza: hesabu stoo yote Jumapili duka likiwa limefungwa, kila bidhaa iingie kama mstari mmoja wa aina "mwanzo". Ongeza aina hiyo kwenye orodha ya kuchagua. Wiki mbili za kwanza endesheni daftari la kaunta na simu sambamba, na kila jioni mlinganishe bidhaa kumi tu, zile zinazotoka sana. Zikilingana siku sita mfululizo, daftari la stoo liondolewe kwanza, la kaunta lifuate. Mishahara na ukumbusho wa kodi unaweza kuanza hata leo, havitegemei stoo. SMS za madeni ziwe za mwisho, na kabla ya kuziwasha chapisha orodha ya madeni yote 60, mpigie kila mteja mkubaliane salio.

---

Nondo na Saruji

Sawa Mama. Jumapili hii tunahesabu stoo ya Bunju, misimbo naandaa kesho. Nitaweka orodha ya kolamu hapa mzikague kabla hatujaanza kuingiza.